Daktari wa Mpunga na Jina la Mkwewe

Watu wa Mbugani walimwita Daktari, na kwa sababu hiyo hawakuacha kumletea wagonjwa. Mtoto ana homa, apelekwe kwa Daktari. Mzee amevimba goti, Daktari. Siku moja nilimkuta amesimama mlangoni kwake, mama mmoja amembebesha mtoto anayeharisha, naye anaeleza kwa ukali kwamba udaktari wake ni wa mpunga. "Basi mtazame hivyo hivyo," yule mama akasema, "mpunga na mtoto wote wanataka maji." Daktari aliingia ndani, akachanganya maji na chumvi na sukari, akamnywesha mtoto, kisha akamsindikiza mama mpaka zahanati huku akimfokea njia nzima. Tangu siku hiyo akawa anaweka pakiti za dawa ya kuharisha dirishani, jirani na bahasha za mbegu, na bado akasema yeye hatibu watu.

Mimi nina steshenari pale Mbugani, huku Kyela: mashine ya fotokopi, kompyuta mbili, moja nzima. Ndimi niliyempigia chapa kazi zake tangu alipostaafu utafiti na kurudi huku. Kwa hiyo haya ninayosimulia niliyaona nikiwa nimekaa kitini, yeye yuko nyuma yangu ananipumulia kisogoni. Alizaliwa wapi, yeye ni wa nani, hayo waulize wanaojua nasaba za watu. Mimi ninachokijua ni namna alivyokuwa akigongagonga meza yangu kwa kalamu mpaka nikasahau nilikuwa kwenye neno gani.

Hakuwa mtu wa kutulia, na kwa kweli alinichosha. Ukimpa kiti anakishika mgongo tu. Ukimpa chai anazunguka nayo, mara yuko mlangoni anatazama barabara, mara yuko kwenye fotokopi anasoma karatasi za watu. "Huyu kaandika 'mtasari' badala ya 'muhtasari'," atasema, na mwenye karatasi yupo pale pale, mwalimu mzima, anaona haya. Mimi aliniita kijana hata baada ya mvi kuniota. "Kijana, soma tena hapo." Ninasoma. "Hapana. Sikusema hivyo." Daktari, umesema hivyo, nimekuandikia ulivyosema. "Basi nimesema vibaya, andika ninavyotaka." Nikimwambia kompyuta haiandiki yanayotakwa, inaandika yanayosemwa, anacheka kidogo, halafu anaanza tena kugonga meza.

Alikuwa na kisa kimoja na dunia, na kisa chenyewe kilianzia kwenye kompyuta yangu ile nzima. Alitaka kusoma makala yake mwenyewe, aliyoiandika akiwa bado kijana, kuhusu mbegu za mpunga za bonde letu. Nakala yake ilikuwa imeliwa na mchwa. Nikaitafuta mtandaoni, nikaipata: kichwa kile, jina lake lile, na aya ya kwanza. Chini yake tukaambiwa tulipie kwanza ndipo tusome iliyobaki.

"Mwambie ni mimi," akasema.

"Nimwambie nani, Daktari? Hii ni mashine."

"Mwambie mimi ndiye niliyeandika."

Nilicheka, naye hakucheka. Alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Alikuwa amewauliza wakulima wa Ndandalo maswali msimu mzima, amekaa majumbani mwao, amekula wali wao, na sasa si wao wala yeye aliyeweza kusoma walichosema. Sitasahau sura yake siku hiyo. Ilikuwa ya mtu aliyefungiwa nje ya nyumba aliyoijenga, na ndani kuna watu wanakula.

Basi kuanzia hapo akawa na wazimu wa kufungua vitu. Kila alichokuwa nacho alitaka kitoke. Matokeo ya majaribio ya mbolea, picha za magonjwa ya mgomba na kakao, vipimo vya mvua, vyote nilivipiga chapa kwa Kiswahili, karatasi moja moja, maandishi makubwa, akaenda kuvibandika kwenye ukuta wa mashine ya kukoboa mpunga, kwa sababu pale kila mtu lazima asubiri zamu na anayesubiri husoma hata asichokitaka. Tuligombana sana juu ya maneno. Mimi nikiandika "takwimu" yeye anafuta. "Takwimu ni namba. Data ni hata harufu ya wali, kijana." Nikamwuliza harufu ya wali nitaichapaje. Akasema hiyo ndiyo kazi iliyowashinda wasomi, nisijione mjinga peke yangu.

Karatasi hazikukaa ukutani. Mama anayeuza vitumbua pale mashineni alikuwa akizibandua zikishachakaa, na nyingine kabla hazijachakaa, anafungia vitumbua. Nilidhani Daktari angemrarua. Badala yake alianza kununua vitumbua ili aone ni ukurasa gani uliotoka siku hiyo, na akawa anamhoji yule mama yaliyoandikwa. Yule mama, ili asisumbuliwe, akawa anazisoma kabla ya kuzifungia. Siku moja akamjibu kuhusu kiwavi wa kakao vizuri kuliko bwana shamba. Daktari alirudi kwangu anang'aa. "Umeona? Jarida gani la Ulaya linasomwa mpaka linatoka mafuta?"

Walimwalika kwenye semina mjini, mara nyingi, na mara nyingi walijuta. Moja nilikwenda naye kumbebea projekta. Mgeni mmoja, mtu mpole, alizungumza juu ya sayansi huria, elimu isiyofungiwa mtu, akasema inatupasa kuoanisha mtazamo wa mahali na mtazamo wa dunia. Daktari akanyoosha mkono kabla hajamaliza. "Hiyo dunia unayoisema," akauliza, "iko wilaya gani?"

Ukumbi ukacheka. Yeye alikuwa hatanii. Akasema kila mtu ana mahali, hata mhariri wa jarida la kimataifa ana jirani yake, ana baa yake, ana shangazi yake, na akiandika neno "kawaida" anamaanisha kawaida ya mtaani kwao. Sasa kwa nini mtaa wake uitwe dunia na Kyela iitwe mahali? Yule mgeni akakubali kwamba swali ni zuri, akaliandika. Daktari aliketi, halafu akasimama tena kusema kwamba asiliandike tu, bali alijibu.

Lakini huyu huyu, mtu wa mbali akinukuu kazi yake, alikuwa anaruka. Mtafiti fulani wa bara jingine alimtaja kwenye tanbihi, mstari mmoja tu, akaja nimtolee nakala. Alimwonyesha mama wa vitumbua. Alimwonyesha mwenye bodaboda. Alimwonyesha mchungaji baada ya ibada, na mchungaji akadhani ni habari ya mtoto wake kupata kazi, akamwambia ndaga fijo, asante sana, Bwana asifiwe. Nikamtania, "Daktari, si ulisema dunia haina wilaya?" Akaniambia nifunge mdomo nitoe nakala nyingine.

Na usidhani alifungua kila kitu. Kule ufukweni, upande wa Matema, Wakisi wanafinyanga vyungu, na udongo wao hawauchimbi popote tu. Alikuja mwanafunzi mmoja wa chuo, mwenye adabu na haraka, akataka mahali wanapochimba apaweke kwenye ramani ya mtandaoni ili kila mtu duniani aone. Alijua Daktari anahubiri uwazi, akaja kwake akitegemea msaada. Daktari akamuuliza kama kina mama wenyewe wamekubali. Akasema hajawauliza, ila data ikiwa wazi inamfaidi kila mtu. "Wewe," Daktari akamwambia, "unajua tofauti ya wazi na uchi?" Akaelekeza kalamu mlangoni. "Mlango wangu uko wazi, ndiyo maana umeingia. Mimi siko uchi. Nenda kawaulize wenye udongo, wakikataa urudi hapa unywe chai."

Walikataa. Alirudi akanywa chai. Maneno yale ya wazi na uchi yakazagaa Mbugani, yakawa yanatumiwa hata kwenye ugomvi wa mipaka ya viwanja, na mimi nilikuwa nayapenda mpaka siku yaliponigeukia.

Hapo lazima nieleze desturi yetu moja, maana bila hiyo hutamwelewa. Huku kwetu kwa Wanyakyusa mke hatamki jina la baba mkwe. Zamani hata kukutana naye njiani ilikuwa mwiko, mwanamke anaingia vichakani mzee apite. Hilo limelegea. Jina halijalegea kwa wengi, na si jina tu, hata neno linalofanana nalo. Mama yangu mzazi hakuwahi kusema "kisu" maisha yake yote, kwa kuwa jina la babu lilianza na sauti hiyo. Alisema "kikatio". Tulipoanza shule tukamwambia mwalimu "kikatio", tukachapwa. Hatukujua kwamba tumelelewa na Kiswahili cha mkwe.

Daktari aliolewa katika ukoo mmoja wa kijiji cha Talatala. Baba mkwe wake alibatizwa Yeremia, ingawa midomo yetu na herufi R havipatani, hivyo watu wote walimwita Yelemia. Mzee alishakufa. Mume naye alishakufa. Daktari alikuwa amesoma mpaka mwisho wa kusoma, amelala katika hoteli za nchi ambazo mimi nazijua kwa bendera tu, na bado jina lile halikuwahi kupita mdomoni mwake. Kanisani alikuwa msoma masomo. Somo likitoka kwa nabii mwenye jina hilo, alitangaza "nabii yule aliyelia sana", na usharika mzima ukaelewa. Walipotuletea mwinjilisti kijana anayeitwa hivyo hivyo, Daktari alimwita "mwinjilisti wetu mrefu". Kijana mwenyewe hakuwa mrefu. Nilimwuliza kama haoni aibu, msomi kama yeye. Akanijibu kwamba mkwewe ndiye aliyesema mke wa mwanangu aendelee na shule, wakati watu wote walisema akae alime. "Heshima yangu kwake ni ndogo hiyo tu, kijana. Niachie."

Nikamwachia. Ningejua, nisingemwachia.

Mzee Yelemia alileta mpunga. Aliutoa ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, mbegu kidogo amefunga kwenye nguo, akaupanda kwenye mbuga inayoshika maji. Ukakubali. Maji yakipanda, nao unapanda, unarefuka ukifuata maji, kichwa kiko juu. Wali wake ulikuwa na harufu ya kumtoa mtu njiani. Watu wakauita kwa jina la aliyeuleta, Yelemia, na mbegu ikaenea Talatala mpaka Ndandalo. Lakini wake wa ukoo ule wangeuitaje? Hawawezi kumtia mkwe sufuriani. Wao wakauita Ng'ambo.

Na Daktari alikuwa mke wa ukoo ule alipoandika makala yake. Alikusanya mbegu, kila moja na jina lake, akazipeleka kwenye benki ya mbegu nje ya nchi zikahifadhiwe kwenye baridi. Alipofika kwenye ule wa mkwewe, mkono ukafanya kile ambacho mdomo ulizoea. Akaandika Ng'ambo. Hakudhani ni kosa. Nyumbani kwake ndilo lililokuwa jina lake.

Wala isingekuwa kitu kama watu hawangeuacha ule mpunga. Zilikuja mbegu za kisasa, zinazokomaa upesi, tukazikimbilia, mimi pia nina robo heka yangu na sijitoi. Halafu miaka hii maji yamekuwa yakikaa mashambani kuliko zamani, mbegu fupi zinazama, zinaoza. Wazee wakaanza kusema, ah, kama tungekuwa na Yelemia. Hakuna aliyebaki nayo hata suke la kuonyesha. Wakulima wa Talatala wana kikundi, mwenyekiti wao ni mama mmoja mjane mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya pili ya bonde, akaja kwangu tukaandika maombi kwenda kule benki ya mbegu: tunaomba mpunga wetu uitwao Yelemia, wa Kyela. Jibu likaja kwa adabu. Hakuna mpunga wa jina hilo.

Daktari alilisoma jibu lile akiwa amesimama mlangoni mwangu. Alisoma mara ya pili. Kalamu yake haikugonga kitu.

"Upo," akasema. "Nimeupeleka mimi. Waambie waombe Ng'ambo."

Tukaomba Ng'ambo. Jibu la pili lilinifanya nitukane, Mungu anisamehe. Upo kweli mpunga wa jina hilo, lakini kwenye kumbukumbu zao si wa Kyela. Mtu mmoja huko, mchapakazi bila shaka, alifungua kamusi, akaona ng'ambo ni upande wa pili wa maji, nchi za nje, akaandika kuwa mbegu hii ilitoka ughaibuni na asili yake haijulikani. Kwa hiyo hawawezi kuirudisha kwa watu wa Kyela kana kwamba ni yao, mpaka asili isahihishwe. Na kusahihisha, makala yenyewe ndiyo inayotegemewa, na jarida lililoichapa linataka mwandishi mwenyewe aseme jina la kweli la mpunga, na kwa nini aliandika jingine.

Yule mjane mwenyekiti alifurahi. Aliona kazi imekwisha, mwandishi si huyu hapa? Akamshika Daktari mikono miwili. "Daktari wetu, ni neno moja tu."

"Ni neno moja," Daktari akasema.

Hakuliandika. Alikuja kesho yake akanipa kazi nyingine, ya migomba. Akaja wiki iliyofuata na habari za mvua. Nikimwuliza, anasema ana mafua, anasema anatafakari namna ya kulieleza. Nilimwambia niandike mimi, yeye aweke sahihi tu. Akasema kuandikiwa nako ni kusema. Mashamba yakalimwa, mvua zikaja, watu wa Talatala wakasia tena mbegu fupi kwa kuwa hawakuwa na nyingine, na maji yakazifuata. Nilipita kule kwa bodaboda nikaona majaruba yamelala kimya, maji tu, na yule mwenyekiti amesimama kwenye tuta anatazama. Hakunilaumu. Aliniuliza Daktari hajambo.

Hapo nilikasirika, nasema kweli. Alipoingia dukani sikumpa hata kiti cha kushika mgongo.

"Daktari, wewe ndiye uliyebandika mbolea ukutani. Wewe ndiye uliyemwuliza mzungu wa watu dunia iko wilaya gani. Umetuchosha na uwazi. Sasa neno moja linakushinda."

"Kuna wazi na kuna uchi," akasema taratibu.

"Huo uchi ni wa nani? Watu wanalala njaa kwa heshima yako?"

Nilijua nimezidi. Mteja aliyekuwa anasubiri fotokopi akatazama dari. Daktari alizunguka chumba, akafika mlangoni, akarudi. Nikadhani atanipiga. "Unafikiri sijui?" akasema. "Ningekuwa sijasoma, mpunga ule ungekuwa bado unaitwa kwa jina lake na watu wote, maana hakuna ambaye angeliandika lile la wake wa ukoo. Mimi nimesoma nikaandika, na nilipoandika nikawafanya watu wa dunia nzima wawe wake wa ukoo wetu. Wote sasa wanaogopa jina la mkwe wangu, na hawajui wanaogopa nini." Akachukua mkoba wake. Alikuwa analia, na mimi nilikuwa bado na hasira, basi hatukuagana.

Aliyemfungulia njia hakuwa mimi. Alikwenda Talatala kwa wifi yake, dada mkubwa wa marehemu mume, binti wa mzee Yelemia mwenyewe, bibi mwenye fimbo na macho makali. Mabinti hawafungwi na mwiko ule, jina ni la baba yao. Walichozungumza sikukisikia. Ninachojua ni kwamba kulipokucha Jumatatu waliingia dukani kwangu wote wawili. Tukasalimiana, mugonile, mugonile, wifi akapewa benchi, na Daktari akaniambia nifungue kompyuta. Alishaliandikia jarida kuomba masahihisho bila kulitaja jina, nalo likataka kumsikia kwa sauti yake kwenye video, kwa sababu sahihi yake ya zamani na ya sasa hazikufanana tena, mkono wake umeanza kutetemeka.

Mhariri alitokea kwenye kioo, mwanamke wa makamo, nyuma yake dirisha na theluji. Alikuwa mstaarabu kabisa. Walisemezana kwa Kiingereza na mimi nafuata kwa shida. Daktari alieleza habari ya wake na wakwe, na yule mhariri akasikiliza kweli kweli, akaandika, akauliza swali la maana au mawili. Kisha akasema, basi, kwa ajili ya kumbukumbu, tafadhali taja jina la mpunga kama linavyotamkwa na wakulima wenyewe.

Daktari akashika ukingo wa meza yangu. Alimtazama wifi yake. Bibi akainamisha kichwa kwenye fimbo.

Akasema, "Yelemia." Pole pole, kwa sauti ya mtu anayegonga mlango wa wakubwa.

Mhariri alikuwa ameganda kioo kizima, mdomo wazi, mkono hewani. Mtandao wa Mbugani, wenyewe mnaujua. Nilihangaika na waya, nikazima nikawasha, jasho linanitoka. Picha ikarudi. "Samahani sana," yule mhariri akasema, "hatukusikia. Unaweza kurudia?"

Niliogopa kumtazama. Nilikuwa nishafungua mdomo nimwambie mhariri aache, tutaandika, tutatafuta namna, mtu amemaliza maisha yake yote kulifikia neno hili na ninyi mnataka alirudie. Daktari akanisukuma pembeni kwa mkono. Akaikaribia kompyuta mpaka pua ikakaribia kioo.

"Yelemia!"

Lilitoka mpaka barabarani. Mwenye bodaboda alizima pikipiki yake akachungulia, na fundi cherehani wa upande wa pili akasimamisha mguu. Mhariri akasema asante, sasa tumesikia vizuri, na akauliza herufi ya tatu ni R au ni L, kwa sababu kwao jina hilo lina R.

Daktari akamgeukia wifi yake. Sauti ilikuwa imekwisha. Wifi akaniuliza anasema nini yule, nikamfasiria. "Mwambie L," bibi akasema. "Baba mwenyewe alisema hivyo." Nikamwambia mhariri L, kwa Kiingereza changu hicho hicho, akaandika L, akatuaga, akasema watafanya haraka iwezekanavyo, ingawa hakusema haraka yenyewe ni lini.

Kioo kikawa cheusi. Daktari alibaki ameinamia meza, mabega yanapanda na kushuka. Nilitaka kumwambia pole, nikataka kumwambia hongera, nikashindwa kuchagua. Wifi yake alinyanyuka na fimbo yake, akaja akamsimamia karibu, akamrekebisha kanga iliyokuwa imemteleza begani.

"Haya, mke wetu," akamwambia. "Umemwita. Sasa tumngoje aje."